Kilele Kilichonenepa

Jumanne, 4 Juni

Kilele kimenenepa tena. Asubuhi nzima mbele ya kompyuta, nageuza skrubu za kunyoosha sumaku moja baada ya nyingine, wapi. Maji matupu, baridi, hata hita haijawashwa. Kwenye mchoro wa kompyuta yanatakiwa yanipe kilele kimoja chembamba kama sindano. Yananipa kichuguu.

Dereva wa bodaboda aliyenipandisha leo aliniuliza tunatengeneza nini humu ndani, maana stendi wanasema ni mashine ya kutafutia dhahabu. Nikamwambia hapana. Tunachemsha maji yenye nikeli ndani ya mrija wa kauri, moto mkali, presha kubwa, katikati ya sumaku. Tunayapiga kwa wimbi la redio, kisha tunasikiliza yanavyojibu. Kwa majibu yake tunajua nikeli iliyoyeyuka ni kiasi gani bila kufungua chungu. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo, dada, mnaongea na maji." Nilicheka mpaka mlangoni.

Sasa sicheki. Wageni wanaolipia karakana hii wanakuja tarehe mosi Julai. Wanataka kukiona kilele chembamba kwenye nyuzi mia mbili na hamsini. Wasipokiona, kila kitu kinapakiwa kwenye lori kwenda Dar. Niliacha kazi nzuri huko ili nirudi Kagera, niwe karibu na baba. Sitaki kurudi Dar. Sina la kuongeza.

Alhamisi, 6 Juni

Nimelaumu vumbi. Kiangazi hiki udongo mwekundu unaingia hata kwenye chai, na udongo wetu una chuma. Chembe chache karibu na koili zinaweza kuharibu kila kitu. Nimefuta meza, sakafu, sumaku, kila kona, kwa spiriti. Nimeamuru viatu vibaki nje.

Mathias akavua vyake, akavipanga vizuri kizingitini, akapiga goti kama anaingia kanisani. "Tumsifu Yesu Kristo." Ni yeye tu anayeweza kunichekesha nikiwa na hasira. Tangu chuo ni hivyo hivyo. Ndiye aliyenipigia simu mwaka juzi: Vene, njoo nyumbani, kuna kazi Ngara, tutaijenga wawili.

Kilele ni kilekile.

Jumatatu, 10 Juni

Umeme ulikatika mchana, ukarudi kwa kishindo. Hita ikapitiliza. Zamani hapo tungekuwa tumepoteza mwezi mzima, kwa sababu kisahani kingepasuka. Ni kibati kidogo kinachofunika tundu la pembeni ya chungu, kimetengenezwa kiwe dhaifu makusudi. Presha ikizidi kinapasuka chenyewe, mvuke unatokea kwenye bomba, chungu hakilipuki usoni mwa mtu. Mwanzoni mwa mwaka vilikuwa vinapasuka kila umeme ukicheza. Kila kimoja kinaagizwa nje, kinakwama forodhani, na sisi tunakaa tunatazamana.

Tangu Mei hakijapasuka hata kimoja. Mei ndipo nilipobadilisha kidhibiti cha hita. Mathias alininunulia soda siku ile, akamtangazia Mkuu wa karakana kwamba Vene amemaliza ugonjwa. Angalau hilo nimelifanya vizuri.

Leo geji sikuiona ilifika wapi. Nilikuwa nimeinamia koili. Mathias naye alikuwa nje na simu. Mtandao humu ndani ni mbovu, na siku hizi tukiwasha hita tu, simu yake inaita.

Jumatano, 12 Juni

Nimefumua koili, nimeisuka upya. Mara ya tatu. Vidole vinauma. Hakuna kilichobadilika.

Tuligawana kazi tangu siku ya kwanza. Sumaku, koili na redio ni vyangu. Chungu, pampu na chochote chenye presha ni cha Mathias. Hakuna anayegusa cha mwenzake. Wengine wanaona ni ubishi wetu tu, lakini kazi ya presha ndivyo ilivyo. Huwezi kuweka uso karibu na chungu kama humwamini aliyekaza bolti. Ukianza kumkagua mwenzako kila asubuhi, ni bora ufanye kazi peke yako.

Kwa hiyo nakagua vya kwangu. Nimevikagua mpaka vimekwisha. Imebaki kukiri kwamba kazi siijui.

Ijumaa, 14 Juni

Wasichana wa kidato cha tatu wametutembelea na mwalimu wao wa fizikia. Wamekizunguka chombo kama wanaangalia mtoto mchanga. Niliwapikia maji mpaka nyuzi mia na themanini. Kichuguu changu kikatokea kwenye kompyuta na wao wakapiga makofi, hawajui kwamba ni aibu. Mathias aliwasimulia habari za presha akiwa amesimama mlangoni, ili wapate nafasi. Aliwachekesha sana.

Mmoja wao, mfupi, ameweka kiganja chake kwenye koti la kupoozea. "Madam, kikipasuka?" Nikamwonyesha kishikizo cha kisahani. Nikamwambia hakiwezi, hiki kinatangulia kupasuka chenyewe, na kaka Mathias ndiye aliyekifunga. Niliona fahari kusema hivyo.

Jumatano, 19 Juni

Usingizi umepotea. Mkuu ameuliza tena. Nimemwambia kesho. Nilimwambia kesho juzi pia.

Jumamosi, 22 Juni

Biharamulo, nyumbani. Baba ana afya, anapalilia migomba mwenyewe, hasikii la mtu. Nimempikia, nimefua mapazia ambayo hayajafuliwa tangu mama afariki.

Kitu cha kwanza alichouliza: "Mwanangu Mathias hajambo?" Hivyo ndivyo anavyomwita. Mama alipozidiwa, Mathias ndiye aliyetafuta gari Ngara na kumfikisha hospitali. Alipofariki, alichimba kaburi na kaka zangu, akalala hapa kwenye majani na wanaume wengine mpaka matanga yakaisha. Kwake ni Kabanga kabisa, mpakani, lakini majirani wetu wanadhani ni wa ukoo.

Nimemwambia baba hajambo. Nimemwambia kazi ni ngumu kidogo. Hakuuliza zaidi. Nimekula kupita kiasi na nimelala mchana. Nilihitaji.

Jumatano, 26 Juni

Andika taratibu, Vene.

Asubuhi Mathias alikwenda Kabanga kwao, msiba wa jirani. Nikabaki peke yangu. Nikatoa chungu chote katikati ya sumaku, nikaweka kichupa cha maji ya kawaida. Kilele: sindano. Chembamba sijapata kuona. Nikakaa chini sakafuni. Sumaku yangu ni nzima. Koili yangu ni nzima. Mimi ni mzima.

Basi kinachoharibu ni kitu cha chungu. Nikaanza kusogeza vipande karibu na sumaku, kimoja kimoja. Bolti, sawa. Mrija wa kauri, sawa. Koti la kupoozea, sawa. Kishikizo cha kisahani, kilele kikavimba.

Haiwezekani. Kishikizo ni titani na kisahani ni aloi isiyovutwa na sumaku. Nilizichagua mwenyewe, maana kishikizo tulikiweka karibu sana na mrija, bomba lisije likapoa na kuziba.

Nilikaa nacho mkononi muda mrefu. Ni cha kwake. Sijawahi kufungua cha kwake. Nikachukua spana.

Ndani hamna kisahani. Kuna chuma. Kinene, cheusi, kimekatwa mviringo kwa msumeno na kupigwa tupa. Upande mmoja kuna maandishi ya chapa, nusu yake, herufi zimekatikia katikati. Nimekulia shambani, naijua chapa hiyo. Ni jembe. Ameziba tundu la usalama kwa kipande cha jembe.

Hakipasuki hicho. Chungu kingetangulia.

Tangu Mei. Soda ile. Kidhibiti changu hakikuponya kitu. Nilikuwa napongezwa kwa kazi ya jembe.

Yule msichana na kiganja chake.

Nimekitia mfukoni, nimefunga karakana.

Alhamisi, 27 Juni

Nilikiweka mezani kabla hajaingia. Alikiona toka mlangoni. Hakukana. Nilitaka akane.

Alisema visahani vilikuwa vimekwisha. Alisema tungesimama Mei na Juni yote na wageni wangekuta karakana imelala. Alisema alikata jembe la zamani la mama yake, akawa anategemea vipya vifike haraka, halafu kazi ikawa inakwenda vizuri. "Kimekaa miezi yote hiyo, Vene. Kimemuumiza nani?"

Nikamwambia kimeniumiza mimi. Nimesuka koili mpaka vidole vimetoka damu, nafuta vumbi, najiita mjinga, na wewe unavua viatu unapiga goti. Ulijua ni chuma. Ulijua chuma kinafanya nini kwenye sumaku. Baadaye akasema hakufikiri kuwa kingeharibu kiasi hicho. Huenda ni kweli. Sijali.

Nikaenda kwa Mkuu. Akasikiliza akiangalia dirishani. Hakushtuka. Alisema tuwavushe wageni kwanza, mengine tutayazungumza kama watu wazima. Kama alijua sitajua kamwe, na kama hakujua ni kwa sababu hakutaka kujua.

Jioni Mathias alinifuata. Alikuwa analia, siongezi chumvi. Anaomba tukirudishe kipande kwa siku hiyo moja. Tukiweke mbali kidogo na sumaku, kilele kitapungua, wageni wataona nyuzi mia mbili na hamsini, basi. "Siku moja tu, Vene. Nitakuonyesha pa kusimama."

Nadhani hakusikia alichokisema. Mimi nilisikia.

Pa kusimama. Anapo pa kusimama. Kila tulipowasha hita, simu iliita. Siku ya wasichana alisimulia toka mlangoni, nyuma ya ukuta wa tofali, na mimi na watoto wa watu tumekikumbatia chungu.

Jembe ningeweza kulisamehe. Watu wanabanwa, watu wanaziba tundu. Lakini alijua mahali salama ni wapi, akasimama hapo, akaniacha mimi nilipo. Miezi yote hiyo. Kila siku alichagua upya.

Jumatatu, 1 Julai

Walikuja watatu, wamevaa mabuti mapya. Niliwaonyesha kilele baridi, na kilikuwa kizuri, Mungu anajua. Chembamba, kirefu, kimenyooka. Mmoja wao alikitazama akasema hajaona sumaku ya kudumu ikifanya hivyo. Miaka miwili nimesubiri sentensi hiyo. Nilipoisikia sikuhisi kitu.

Wakaomba tuwashe moto. Mkuu akaanza habari za umeme wa Ngara. Mathias akasema, kwa upole kabisa, kwamba upande wake uko tayari tangu zamani, ila mwenzake ana wasiwasi kidogo. Mwenzake ni mimi. Wakanigeukia wote kama watu wanaomtazama mgonjwa.

Nikatoa kipande mfukoni, nikakiweka juu ya meza. Nikawaambia ni nini na kilikuwa wapi. Sikumtaja aliyekiweka. Hakuna aliyehitaji kuuliza.

Wamekwenda. Tumepewa mpaka mwisho wa Agosti, na visahani halisi. Bila hivyo ni lori. Mkuu haniongeleshi. Amesema mbele ya wote kwamba kuna watu hawajui mambo ya ndani hubaki ndani.

Jumatano, 3 Julai

Mathias hajaja kazini. Karakana kimya. Nimegundua sijui hata pampu inafunguliwa vipi.

Jumapili, 14 Julai

Biharamulo. Tulikuwa tumetoka misa. Gari ndogo ikasimama uani. Wakashuka baba wadogo wawili wa Mathias toka Kabanga, makoti ya suti kwenye joto hilo, na mama yake nyuma yao na kitenge kipya. Na mtungi wa rubisi umefungwa kwa majani ya mgomba. Safari yote hiyo, na pombe ya ndizi mapajani.

Nikajua. Wamekuja kuomba msamaha.

Mathias hakuja. Mwenye kosa haji, wanakuja watu wake. Nilisema shikamoo kwa kila mmoja, mama yake akanishika mikono yote miwili hakutaka kuiachia. Ni mama mzuri. Jembe lilikuwa lake, na sidhani kama anajua.

Mkubwa wao ndiye aliyeongea, kwa lafudhi ya kwao mpakani. "Mtoto wetu amekosa. Hatuna ra kusema. Rakini ni mtoto wenu pia, mnamfahamu, amerara hapa kwenye msiba." Kisha akaweka mtungi mbele ya miguu ya baba, akachomeka mrija wa tete.

Nilimtazama baba. Nilimweleza kila kitu siku ya Ijumaa. Nilimweleza kuhusu mlango na simu na wasichana. Alitikisa kichwa, akasema ni jambo baya sana. Nilidhani atanigeukia, aulize hata kwa macho. Hakunigeukia. Aliinama, akavuta mrija. Akavuta tena. Wakapiga makofi taratibu, mama Mathias akalia kwa furaha, na jirani akaletewa kikombe.

Imekwisha. Kwa desturi imekwisha. Akishakunywa mwenye mji, hakuna kesi tena, hakuna anayeruhusiwa kuitaja. Nikiitaja mimi ndiye mkosaji.

Baadaye nikiosha vyombo baba alikuja akasimama nyuma yangu. Alisema, "Mwanangu, watu wazima wametoka mpakani na mtungi, ningewarudisha nao?" Alisema pia yule kijana alimchimbia mama kaburi. Nikasema najua, baba.

Amenisaliti kwa wema. Sijui neno lingine. Uso wangu ndio uliokuwa kwenye chungu, si wake.

Jumatatu, 22 Julai

Mathias amerudi kazini. Amenisalimia. Nimeitikia, ndiyo sheria. Amesema asante. Nikamwambia asinishukuru, mimi sikunywa.

Halafu nikamwambia nataka kujua kazi yake yote. Pampu, koki, bolti, vipimo vya kukaza, kila kitu, kuanzia leo. Aliniangalia kama nimempiga. Akafungua sanduku la spana.

Ijumaa, 2 Agosti

Ni mwalimu mzuri. Hilo ndilo linaloniudhi. Ananiambia kaza bolti kwa mpangilio wa msalaba, sikiliza mkono wako, usimsikilize mtu. Anaeleza kama zamani, ila hafanyi utani. Ananiita dada Veneranda. Siku moja nilisahau nikacheka kitu alichosema, kisha nikakumbuka, nikaona hasira mpaka masikio yanawaka.

Visahani vimefika Mwanza. Vinapandishwa basi.

Jumanne, 13 Agosti

Visahani vilifika juzi. Nilikifunga cha kwanza mwenyewe, yeye akishika taa. Nilipomaliza alitaka kukagua, nikamwachia akague. Akasema kimekaa vizuri.

Leo tumewasha. Sikumwambia asimame wapi. Alivuta kiti mwenyewe, akakiweka pembeni kabisa ya chungu, akakaa, mikono magotini. Nikaona shati lake limelowa mgongoni kabla hata hita haijapata moto. Mia. Mia na hamsini. Mia mbili. Niliongeza polepole kuliko inavyotakiwa. Sikuwa namtesa. Au nilikuwa namtesa, sijui.

Mia mbili na hamsini. Kilele kikasimama. Sindano. Maji yana moto kupita mara mbili ya ule wa kuchemkia, yamebanwa hayawezi kuwa mvuke, na yanajibu kwa sauti moja safi. Hakuna aliyepiga makofi. Nikahifadhi, nikarudia mara mbili zaidi, nikawatumia wageni. Jioni walijibu. Karakana inabaki Ngara.

Mkuu alitununulia chakula. Mathias hakula sana. Wakati wa kuondoka alisimama karibu na pikipiki yake, akasema usiku mwema. Nikasema usiku mwema.

Baba alipiga simu. Ameuliza kama tunaelewana. Nimesema kazi inakwenda. Alifurahi, akaanza habari za migomba, nami nikamsikiliza mpaka akachoka.

Sasa naweza kukiendesha chombo chote peke yangu, toka pampu mpaka kompyuta. Mwaka juzi nisingeweza hata robo. Nilikuwa na furaha zaidi nilipokuwa siwezi.